Mkunjo wa Kwanza

Saa kumi alfajiri nazima taa zote.
Dirisha nimelivika blanketi jeusi,
mwanya wa mlango nimeuziba kwa leso,
maana hata mbalamwezi ya Kisumu
ikipenya humu itaharibu kazi.

Yai hili nililitoa kinywani mwa mamaye.
Fulu hushinda njaa wiki mbili, tatu,
asije akawameza wanawe.
Nilimshika kwa kiganja kilicholowa,
nikamgusa taya kwa ncha ya kidole,
akayatema, thelathini na mawili, moja moja,
kama mtu anayelipa deni asilolikumbuka.
Nikamwambia pole.
Daftarini sikuiandika hiyo pole.

Sasa mtoto kalala katika ute wa mwani,
kichwa juu, mkia huru,
ngozi kioo, mwili maji,
na rangi niliyomdunga jana inasubiri kuwaka.
Nalaza mwanga wa buluu, mwembamba kuliko wembe.
Unampita bila kumchana.
Kamera inahesabu: tabaka la kwanza, la pili, la mia.

Mama yangu, nyar Uyoma, hukaanga mgongo wazi Obunga.
Vichwa vya mbuta humfikia kwa magunia kutoka kiwandani
minofu ikiwa imeshapanda ndege.
Hupasua fuvu kwa kishoka, pigo moja,
na ubongo, punje nyeupe isiyojaza kijiko,
alikuwa akimwekea yeyote kati yetu mwenye mtihani.
Nilipomweleza kazi yangu
alicheka hadi mafuta yakaungua:
“Shule yote ile, kumbe ni kuchungulia kichwa cha samaki!
Mimi nimevifungua maelfu. Njoo uniulize.”

Nilikuja, mama. Vyako havijibu tena.
Mimi nautaka ubongo
kabla haujajua kwamba ni ubongo.

Dakta Khaoya ananiagiza cheche ya kwanza:
seli ipi huanza, ipi huitikia.
Wiki ya tano hii nakesha.
Juzi stima ilipotea dakika arobaini.
Nilikaa gizani na samaki mmoja asiyefika punje ya mtama,
jenereta ikikohoa uani bila kushika.
Iliporudi, picha zilikuwa na shimo,
naye alikuwa amekua ndani ya shimo hilo.
Hakuningoja.

Saa kumi na moja kasoro.
Kwenye uti wa mgongo, kijani.
Kimya.
Kijani tena, kushoto. Kulia.
Kushoto —
mkia unajikunja.

Walimu walituchapa wakiimba
samaki mkunje angali mbichi,
nami nikaamini kwamba lazima pawe na mkono.
Narudisha picha nyuma, mara nne,
nautafuta mkono huo.
Haupo.
Ubongo wenyewe umelala kule juu,
haujatuma neno lolote.
Mkia umejikunja kwa hiari yake, kujaribu tu,
kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba ambayo bado inajengwa.

Na dakika sita baadaye,
huko ndani, nyuma ya jicho lisiloona bado,
nukta moja inaitika.

Naandika: yai la kumi na saba. Joto la maji. Saa.
Mkono wangu unatetemeka, mwandiko umekuwa wa darasa la pili.

Nitampelekea mama picha hii.
Ataishika mbali na mafuta,
ataigeuza, atasema inafanana na mji usiku.
Kisha ataniuliza, namjua:
“Na yule mamake, mmemrudishia wanawe?”

Natoa blanketi. Mwanga wa kawaida unaingia,
mchafu, wa bure.
Kwenye tangi la pembeni
fulu bado hajagusa chakula.
Anachezesha taya polepole,
kinywa kitupu,
kwa uangalifu,
asije akammeza mtu.