Mpimaji

Joka la vichwa saba tuliliua Jumanne.
Kufika Alhamisi hakuna aliyekumbuka rangi yake
ila Bwire, na yeye alikosea.
Yule mchawi wa Mlima wa Chumvi, aliyecheka kila akiingia,
aliyeapa kuimeza dunia pamoja na sahani yake,
tulimsahau kabla umeme haujarudi.

Lakini Mpimaji.

Tulikuwa watano, Igogo, chumba cha nyuma cha fundi redio.
Dadu alizichonga Kashinje kwa tupa, mfupa wa ng'ombe,
na ile ya pande ishirini ilipenda kuangukia saba;
tulijua, tukanyamaza.
Ramani ilikuwa nyuma ya kalenda ya mwaka uliokwisha.
Visoda ndiyo majeshi.

Kashinje, msimulizi, hakupaza sauti.
Alisema: "Mnafika gatini. Kuna mtu ameketi.
Anafuta mizani kwa pindo la kanzu yake."
Basi. Hakuna radi, hakuna fuvu.
Mtu anafuta mizani.

"Kuvuka ni bei gani?" nikauliza
kwa mdomo wa mpiga mishale wangu.
"Sauti ya mama yako. Maneno yake utabaki nayo."
Nikacheka, nikakubali. Dadu haikurushwa.
Tangu usiku ule, mpiga mishale akimkumbuka mama,
Kashinje aliinua kidole:
midomo inacheza, kimya.
Nikarudi nyumbani Mabatini, mama anaosha sufuria.
Mama, sema chochote.
"Umekula?" akasema.
Nikasimama mlangoni kama mtu aliyerudishiwa chenji
asiyoitegemea.

Tulibishana mwezi mzima.
Magesa: anatisha kwa kuwa hana hasira.
Kulwa: kwa kuwa mara moja alikuwa na haki,
kile kijiji alichokinyima mvua
kweli kilikuwa kimeuza kisima cha jirani.
Bwire: ni lile pindo, limekuwa jeusi kwa kufuta;
adui asiye na pindo ni tangazo la ukutani.
Mimi sikusema. Shujaa nilimwombea dua.
Mpimaji akikaribia, nilikaa vizuri kwenye kiti,
nikatengeneza nywele.

Siku ya mwisho mvua ilipiga mabati hata tukasogeza vichwa
kumsikia Kashinje.
Tulimzingira juu ya majabali yaliyobebana,
kama haya ya kwetu, ambayo kila mgeni huuliza
mbona hayaanguki.
Hakukimbia. Alifungua kifuko kimoja kimoja:
Magesa kivuli chake, Kulwa miaka mitatu,
mimi sauti, nzima, haijapungua hata kikohozi.
"Dawa ya deni ni kulipa," akasema.
Halafu akapanda kwenye mizani yake mwenyewe.
Sahani haikushuka. Haikushuka hata kwa uzito wa dagaa mmoja.
Akaitazama muda mrefu.
"Nilidhani hivyo."

Dadu ya Bwire, ile mpenda saba, ikatua kwenye ishirini.
Hakuna aliyeshangilia.
Kulwa akatoka nje kwenye mvua, akasema anakwenda kununua vocha.

Leo Kashinje yuko Geita, zamu ya usiku.
Mimi napima dagaa hapa Mwaloni, Kirumba,
magunia ya Ukara, magunia ya Ukerewe,
na wiki jana, chini ya mizani ya tajiri mmoja,
vidole vyangu vikagusa sumaku, ndogo kama kifungo cha shati.
"Biashara hiyo, dada," akacheka.
Ana lori, ana tumbo, ana watu wanaomwogopa,
na jina lake limeshanitoka.

Niliibandua, nikaitupa majini.
Nikajikuta nafuta sahani kwa pindo la kitenge,
taratibu, ukingo hadi ukingo, bila kusema neno,
na mwanamke aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni
akarudi nyuma hatua moja.