Sanduku la Tatu

Sanduku la kwanza linauliza jina. Hilo nalijua: Veijo.
La pili linauliza umri, kisha linaapa kwamba umri hauhesabiwi.
La tatu linataka niseme, kwa herufi zisizozidi mia mbili,
mimi ni nani.

Niko maktaba ya Ruokoniemi, kompyuta ya dirishani.
Nje theluji imefika kwenye tandiko la baiskeli,
saa nane mchana na taa za barabarani zimeshawaka.
Venla wa maktaba, rika la kitindamimba wangu,
ameniwekea kahawa pale pasiporuhusiwa kahawa.
"Anza na unachokijua," amesema.

Ninachokijua ni karatasi.
Miaka thelathini na mmoja kwenye mashine namba nne,
ndefu kuliko kanisa letu na makaburi yake,
rojo la msonobari likiingia huku likiwa maji matupu,
likitokea kule limekauka, jeupe, lenye makali ya kukata kidole.
Karatasi ilipokaribia kukatika nilisikia kabla ya kengele:
mlio ulipanda kidogo,
kama mtu anayevuta pumzi ili aseme uongo.
Nalitafuta sikio hilo kwenye orodha ya ujuzi.
Orodha ina "uongozi wa mabadiliko." Ina "ari."
Sikio hamna.

Na chini kabisa, kwa maandishi ya kijani:
*Tunajivunia kuajiri bila kutumia karatasi.*
Nimecheka mpaka msoma magazeti wa kona ile akageuka.

Maombi arobaini na mawili kabla ya Krismasi.
Thelathini na tisa yamezama bila hata povu.
Moja lilijibiwa saa tisa usiku, dakika nne baada ya kutuma:
"Tumeupitia wasifu wako kwa makini."
Nani huyo asiyelala, mwenye makini ya dakika nne?
Nilimwonea huruma kidogo. Zamu ya usiku naijua.

Kila asubuhi simu inatetemeka na kazi "zinazokufaa":
mzamiaji, Bergen.
Mwalimu wa yoga kwa wajawazito.
Aune ananisomea mezani huku akipaka mkate siagi,
anasema hiyo ya yoga ningeiweza,
kwa jinsi nilivyojikunja tangu Oktoba.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame, sawa,
ila hakuna aliyesema ainame mpaka lini.

Jana likaja tangazo la Uruguay.
Mwendesha mashine ya karatasi. Na picha.
Wameipaka buluu, lakini nililijua bonde kwenye reli,
pale Ensio alipoangusha spana mwaka wa mgomo.
Namba nne. Ilivuka bahari kwa vipande,
ikapata kazi kabla yangu.

Nikabofya. Sanduku: *Kwa nini unaitaka kazi hii?*
Nikaandika bila kupumzika:
Siitaki. Ni mbali, na Aune ana magoti.
Ila mtakayemwajiri mwambieni tafadhali:
sauti ikipanda, asingoje taa nyekundu.
Apunguze kasi, aweke kiganja kwenye fremu ya roli ya tatu,
nje ya kinga, asiwe na glavu.
Ikitetemeka kama paka, aiache.
Ikitetemeka kama mbwa anayeota, azime.
Wakati wa baridi inachelewa kuamka. Asiitukane.

Sijui kama kule kuna baridi.

Venla alikuwa amesimama nyuma yangu na vitabu kifuani,
amesahau vinakwenda rafu gani.
"Hayo," akasema. "Hayo ndiyo sanduku la tatu."

Tukanakili. Tukabandika.
Kompyuta ikakataa: herufi zimezidi.
Tukamwondoa Aune na magoti yake. Tukaiondoa Uruguay.
Mbwa akabaki, paka akatoka, kisha paka akarudi.
Zilikuwa bado zimezidi nane.

Tukafuta "tafadhali."
Yakaenea.