Mlango wa Chumba cha Nne

Chande, nasikia korosho zimekulipa mwaka huu,
na kwamba umeona kiwanja Chuno,
na dalali kakwambia ukilala, kesho hukikuti.
Lala.
Kiwanja kinachokimbia kina mwenyewe anayekifukuza.

Kwanza nenda siku ya mvua, ile ya Machi,
vaa ndala mbovu, simama katikati,
utazame maji yanaelekea wapi.
Waulize majirani wa pande zote nne, usiishie kwa wawili,
mpaka uko wapi, na nani kazikwa pale.
Ofisi ya mtaa utakwenda, muhuri utagongewa,
lakini muhuri hauna macho.
Mama anayechoma vitumbua pale kona anayo.

Mimi nilianza na vyumba viwili, Chikongola,
tofali nikafyatua mwenyewe, bati la mkopo.
Ilipokuja habari ya gesi nikapagawa na mji mzima:
nikaongeza vinne, vya vigae, choo ndani,
nikapandisha bei huku natazama magari meupe yakipita.
Yakaendelea kupita.
Mwaka na nusu wapangaji wangu walikuwa popo,
na benki haipokei mavi ya popo kwenye rejesho.

Kwa hiyo hesabu yako usiipige kwa miezi kumi na miwili.
Piga kwa tisa.
Mitatu iliyobaki ni ya chumba kukaa wazi,
ya koki, ya bati lililotoboka juu ya kitanda cha mtu,
ya shimo la choo kufurika siku ya Idi.
Kikisalia kitu hapo, jenga.
Kisiposalia, nunua ufuta, uuze, upumzike.

Luku, kila chumba na mita yake.
Nimeamua kesi ya pasi na friji saa nane za usiku,
sitaki uirithi.

Na mkataba andika, hata na binamu.
Hasa na binamu.

Sasa lile ambalo baba yako hulisimulia kwa kucheka.
Chumba cha nne alikaa Salvatori Nnunduma,
fundi cherehani wa Ndanda, mke, mtoto mmoja wa kutambaa.
Miezi minne hakunipa hata mia.
“Mama, watu wakilipwa korosho watachukua nguo zao.”
Korosho, korosho. Nikachoka na korosho.
Nikafanya wafanyavyo wenye nyumba wenye hasira:
nikaita seremala, nikang'oa mlango.
Sijamfukuza mtu, nilijiambia. Nimechukua mbao zangu.

Mkewe akatundika kanga.
Usiku wa tatu mvua ya Desemba ikaja na upepo wake,
ikaingia bila hodi, ikalala juu ya meza ya kushonea:
sare za shule ishirini na mbili,
bluu yote ikahamia kwenye nyeupe.
Kodi yangu ya miezi minne ilikuwa mle, Chande,
imekunjwa vizuri, bado vifungo tu.

Asubuhi alizianika moja moja. Hakunisema neno.
Niliona haya kuchota maji kwenye bomba langu mwenyewe.

Ukidai, dai mwezi wa kwanza, kwa sauti ya kuombea chumvi,
na mtu wa tatu awe amekaa.
Na kabla hujampa mtu funguo, muulize
mkono wake hushika pesa mwezi gani.
Huku kwetu wengi mshahara wao huja mara moja kwa mwaka;
panga kodi iufuate.
Ikishindikana, kuna notisi, kuna baraza.
Mlango uache.

Wangu niliurudisha, bawaba hazikukaa tena.
Hadi leo ukiufungua unakwaruza sakafu,
na kila mpangaji mpya huniuliza, vipi huu?
Huwaambia ni unyevu.

Njoo Jumamosi na karatasi za huyo dalali.
Uje na randa pia.
Tukianza kuongea kiwanja
nataka ule mlango uwe umekwisha kunyamaza.