Orodha ya Lazima

Karatasi ya ofisi ina mambo tisa,
imepigwa lamineshani isilowe jasho la kwapani:
Makumbusho ya Taifa, Sanamu ya Askari,
kanisa linalotazama bandari, vinyago vya Mwenge,
soko la samaki (mwambie mgeni ashike pochi),
na chini kabisa, kwa herufi nene: MBUDYA, LAZIMA.
Miaka sita naisoma. Ulimi unaikimbiza wenyewe
kama mtoto wa chuo na alifu yake.

Jumanne nikakabidhiwa Bi Ernestina,
miaka sabini na moja, goti moja la chuma,
katokea Grenada, kisiwa ambacho kwenye ramani
kidole gumba kinakifunika pamoja na bahari yake.
Nikamwuliza, kwa adabu ya kazi,
kwenu watalii mnawapeleka wapi?
Akahesabu: maporomoko ya maji, ngome ya kale,
mchanga mweupe usiokwisha,
na sanamu zilizozamishwa baharini makusudi
ili watu wapige mbizi wakazitazame.
"Hizo sanamu sijaziona. Sijui kuogelea."
Nikacheka hadi Mhando, dereva, akanitazama kwenye kioo.
Mimi Mbudya nimefika mara mia na ushei
na maji yake hayajui kifundo changu cha mguu:
nakaa bandani, nalinda mabegi.

Makumbusho alipita kama mtu anayewahi benki.
Kwa Askari alisimama kidogo,
akafuata kwa macho bunduki ilikoelekea,
akauliza kama huyu naye ana siku ya mapumziko.
Vinyago akavisifu, kwa sauti ile
ya kusifia mtoto mtundu wa jirani.

Halafu Upanga, nyuma ya ukuta wa mtu:
"Simama!"
Mhando akakanyaga breki, bajaji mbili zikatutukana.
Mti. Majani mapana yaliyochanika kama vidole,
na mashelisheli, kijani, yananing'inia,
hayana habari na mtu.
Bi Ernestina akashuka, goti na yote,
akaushika ukuta.
Mlinzi akadhani ni kizunguzungu, akaleta kiti.

Karatasi nikaiweka kwenye dashibodi, uso chini.

Soko la Kisutu tukachagua mawili yaliyokomaa.
Akanusa kungumanga ya muuza viungo,
akasema hii ya mwaka juzi.
Nikatafsiri: anasema ina harufu nzuri.
Muuzaji hakudanganyika;
pua iliyokunjwa haihitaji mkalimani.

Kwangu Magomeni, jikoni, tukagombana.
Yeye: tui zito, manjano, ng'onda, funika, usikoroge.
Mimi: ongeza maji, litashika chini.
Yeye: liache, mpaka nazi igeuke mafuta.
Chausiku wa chumba cha pili akaja kuazima kiberiti
ambacho anacho, akabaki.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga;
hawakusema kwamba mwenyeji
atafukuzwa kwenye mwiko wake mwenyewe.
Lilishika chini kidogo.
Tulikwangua ule ukoko watatu,
na hakuna aliyetaja kosa ni la nani.

Alhamisi tukaenda Mbudya. Lazima ni lazima.
Boti ya Kunduchi ikatumwaga, wenzetu wakayakimbilia maji,
tukabaki bandani, mabegi saba na wanawake wawili.
Akavua kiatu kimoja. Akafikiri.
Akavua cha pili.
"Na mabegi?" nikauliza.
"Yanajua kukaa."

Tukashuka tumeshikana mikono
kama watoto wanaovuka barabara ya Morogoro,
hatua, kusimama, hatua,
hadi maji yakatufika vifundoni.
Akachovya kidole, akaonja.
"Chumvi," akasema,
kama mtu anayehakikisha anwani.