Silabi ya Mwisho

Kwetu Ayacucho, juu milimani,
neno halitoki nje bila shahidi.
Ukisema mvua imenyesha
sharti umalizie: "mi", niliiona, ilinilowesha;
au "si", nimeambiwa tu, sikuwapo.
Silabi moja, mkiani.
Kihispania hakina mkia huo,
na mimi ndiye mkalimani.

Siku ya kumi na tisa ya kesi.
Lima haina mvua, ina ukungu tu unaotoa jasho viooni.
Koplo Zenobio Ccoyllo amevaa koti la kuazima,
mikono yake imemeza vidole.
Alinyakuliwa sokoni akiwa na miaka kumi na saba
na kuku wawili wa mama yake kwapani.
Kuku walibaki. Yeye akatupwa ndani ya lori.
Miezi minane baadaye alisimama Wayrapampa
mbele ya watu waliomlilia kwa lugha ya mama yake.
"Niliamriwa," asema. "Nilikuwa mjumbe tu."

Mjumbe hauawi, wahenga walisema.
Hawakusema afanywe nini mjumbe akiua.

Luteni Belaochaga ana sauti ya mwalimu wa hesabu.
Amri ilisema: safisha.
"Neno hilo si langu. Mimi nililipokea tu,
nikalipitisha."
Na jenerali mstaafu, blanketi magotini,
kifaa cha kusikilizia kimening'inia sikioni kama konokono,
asema: "Watu walikufa. Vita ndivyo vilivyo."

Walikufa.
Kama mahindi yanavyokauka. Kama siku inavyokwisha.
Nikageukia benchi la kina mama,
na lugha yangu ikanidai mkia.
Nikaweka "si": walikufa, yasemekana.
Mama Fortunata Ñaupari akaacha kumtazama jenerali,
akanitazama mimi.
"Yasemekana?"

Kisha ikaja ile karatasi.
Ombi la vifaa: magunia arobaini ya chokaa.
Muhuri, sahihi, tarehe.
Mwendesha mashtaka akaisoma tarehe mara mbili, taratibu,
maana ilikuwa siku tatu kabla.
Siku tatu kabla ya risasi ya kwanza
mtu alikaa mezani, akafungua kalamu,
akapiga hesabu ya chokaa ya kutosha
kijiji kisicho na ukuta hata mmoja wa kupaka.
"Nilitia sahihi karatasi mia kwa siku,"
alisema jenerali, akaomba maji.

Wakati wa mapumziko, kwenye korido,
Mama Fortunata alikuwa akimenya chungwa.
"Naona wanagawana," akaniambia.
"Huyu alishika bunduki, yule alishika kalamu,
yule katikati alishika neno.
Kila mmoja na kipande chake, kidogo, cha kubebeka.
Mwanangu hakufa kipande.
Alikufa wote."
Akanipa nusu ya chungwa. Nilishindwa kulila,
nikalitia mfukoni, mpaka leo koti lina doa.

Saa tisa, bila kuulizwa, koplo alisimama.
Wakili akamvuta koti, koti likamvuka bega.
Hakutumia Kihispania alichofundishwa kambini kwa mateke.
Alitumia kile cha kuku na soko.
"Mvulana wa sweta la kijani," akasema,
"aliyekuwa akitafuta kiatu chake.
Nilimuua, mi."

Ukumbi haukusikia chochote. Kwao ilikuwa sauti tu, fupi,
kama mtu aliyekwama koo.
Upande wa kina mama
mmoja alijifunika uso kwa kofia yake.

Jaji akanigeukia: amesema nini?
"Nilimuua," nikasema.
Nikasita. Nikaongeza:
"Nilikuwapo. Niliona kwa macho yangu."

Karani akainua mikono kutoka kwenye mashine.
Sentensi hiyo ya pili, akauliza,
ni ya mshtakiwa,
au ni ya kwako?