Karani Anatafuta Kitenzi

Hati ya mashtaka ina pengo, upana wa vidole vitatu:
"Kwamba wewe, Mejumaa Semkiwa, kibarua wa brashi,
shamba la mkonge jirani na Pongwe, siku ya Jumanne,
uliwa............ wenzako thelathini na wanane
wakaacha kazi."
Hakimu anakunywa chai. Kaniachia nijaze.

Mwenye shamba, kwa barua, anataka "chochea".
Neno zuri, lina meno, lina na kifungu chake cha sheria.
Lakini mimi nimekulia Makorora, jiko la mafiga,
nimechochea tangu sijajua kufunga kamba za viatu:
unasukuma ukuni ndani, unainama, unapuliza, machozi yanachuruzika.
Huchochei jivu.
Huchochei kuni zilizolala uani.
Chochea huukuta moto nyumbani.
Basi kwanza niandike nani aliuwasha,
na kwa hilo pengo halitoshi.

"Shawishi"? Hiyo ina sukari chini ya ulimi.
Muuza vitenge wa Barabara ya Kumi na Mbili hushawishi,
anakukunjulia doti mpaka unasahau kodi ya chumba.
Mejumaa hana sukari. Ana kikohozi cha vumbi la singa,
miaka kumi na minne, pindo la kanga puani.

"Chokoza" ni kijiti kwenye tundu la pweza.
"Shinikiza" yataka uzito, muulize ufuta;
yeye ana kilo arobaini na sita, pamoja na kandambili.
"Huyu mama kawatia ndimu!" alisema mnyapara Shemhilu,
na ukumbi mzima ukaguna,
maana ndimu haiwashi ngozi nzima.
Lazima pawe na kidonda.

"Himiza" ningeipenda. Himiza ni ya bibi yangu,
kunipeleka chuoni na fimbo ya mpera nyuma,
nami njiani tayari, navuta miguu tu.
Neno hilo lingemrudisha nyumbani kabla ya adhuhuri.
Kalamu ikagusa karatasi. Hi...
Nikakumbuka nina kiapo. Alihimiza kwa maneno yapi?

Nikarudi kwenye ushahidi, ukurasa wa nne, mwandiko wangu mwenyewe.
Mwezi wa tatu bila mshahara. Korona inanguruma.
Mejumaa alizima... hapana, hakuzima kitu.
Aliweka singa chini, akakalia robota,
akafungua mhogo wake wa kuchemsha.
Shemhilu: "Vipi?"
Mejumaa: "Mimi nimekaa."

Basi.
Angesema "kaeni", ningemaliza kazi tangu asubuhi.
Vitenzi vyote hivi vina mkono wa kumfikia mwingine,
vina "wa" katikati, vingine na "-za" mwishoni.
Chake hakikumgusa mtu.
Kilikaa naye juu ya robota, kikala mhogo.
Kisha akakaa Mwanakheri. Kisha Kilua, na nduguye Kilua.
Kisha korona ikawa inanguruma peke yake.

Mlango ukafunguliwa. Askari: "Mahakama! Simameni!"
Tukasimama wote, hata mzee mwenye bandeji mguuni.
Hakuna aliyemkamata askari.

Hakimu akaketi, akanyoosha mkono, nikampa.
Ile "wa" ya chapa nilikuwa nimeikata kwa mstari:
"ulikaa. Wenzako thelathini na wanane wakaacha kazi."
Akasoma. Akashusha miwani. Akasoma tena.
"Karani, shtaka hili halisimami."
"Ndiyo, mheshimiwa. Limekaa."

Nyuma huko mtu alicheka, kikamgeuka kikohozi.
"Nani," akauliza hakimu, polepole, "nani amekutia haya?"
Nikamtazama Mejumaa.
Yeye hakuwa ananitazama.
Alikuwa anachokonoa singa iliyobaki kwenye ukucha.