Hatua Mia Mbili na Kumi

Orodha ilitoka Brasília Alhamisi, saa tano asubuhi,
kurasa kumi na nne.
Profesa Dalva aliisoma kuanzia mwisho,
kama anayeonja chai ya moto ukingoni mwa kikombe.
Hatumo.
Alikunja miwani, akauliza nani amemwaga maji sakafuni.
Hakuna aliyemwaga. Ni paa.

Ng'ambo ya barabara, kwenye chuo cha ada,
wao wamo. Ukurasa wa tisa.
Ugonjwa uleule wa mpunga tunaoufukuzia sisi,
kuvu ileile,
na jina la kwanza ni Ionara,
aliyejifunza kushika darubini kwenye meza hii,
aliyeungua kidole kwenye taa hii ya spiriti, akacheka.

Sababu ya kamati ni sentensi moja:
mwombaji tayari anayo mashine.
Basi. Mwenye kisima ndiye anyeshewaye mvua,
na sisi, chuo cha serikali,
serikali inatuambia: shindaneni.
Mama anampakulia uji atakayeshinda mbio,
na mwana mmoja amevaa viatu.

Mimi ni fundi tu. Kazi yangu friza.
Miaka thelathini na moja ya majani yaliyougua,
bahasha kwa bahasha, mwandiko wa Dalva
ukizeeka kutoka droo ya juu hadi ya chini:
Camaquã, mafuriko.
Jaguarão, baridi ya Juni.
Shamba la mjane Zulmira, hekta tatu, limekufa lote.

Usiku wa Jumapili umeme ulikatika.
Jenereta ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.
(Dizeli nayo ilikuwa ndani ya lile ombi.)
Nilimpigia Dalva. Naye akanyamaza.
Kisha akaitaja namba, kwa ghibu, tarakimu moja moja.

Ionara alikuja na koti juu ya nguo za kulalia.
Tulibeba masanduku mvuani, watatu,
hatua mia mbili na kumi, nilizihesabu,
hadi kwenye lango la kioo
ambapo mlinzi, kijana mwenye adabu zake,
alituomba vitambulisho.

Ndani, mashine ilikuwa ikinguruma polepole,
mpya, imeshiba, haina la kufanya.
Ionara alileta fomu ya kupokelea vitu.
*Mali ya nani?*
Dalva alishika kalamu muda mrefu,
barafu ikimyeyukia kwenye mikono ya sweta.
Akaandika: Zulmira. Hekta tatu.